Sungusungu Ndani ya Mbao za Nyumba: Tuwatambue Kabla ya Kushika Dawa



Kila msimu wa mvua kina mama hutuuliza swali moja kliniki: "Nyumba yetu imeingiliwa na sisimizi wakubwa weusi. Usiku wanatembea mezani, asubuhi tunakuta maranda ya mbao sakafuni. Tumwage dawa gani?" Huenda wengine wakashangaa kwamba swali la sisimizi linaletwa hospitalini badala ya kupelekwa kwa seremala. Sisi hatushangai. Sisimizi wenyewe hawajatuletea wagonjwa wengi, lakini dawa zinazomwagwa kwa ajili yao zimetuletea watoto waliokuwa hoi.

Kwa hiyo mwezi huu tujifunze mambo matatu: kumtambua mdudu huyu, kumwondoa nyumbani, na kuilinda familia na sumu. Tukielewa vizuri jambo la kwanza, mara nyingi la tatu halitatufikia.

SUNGUSUNGU NI MDUDU GANI?

Hapa hatusemi juu ya wale walinzi wa jadi wa vijijini, bali juu ya mdudu waliyeitwa kwa jina lake. Majina ya sisimizi hutofautiana mahali hadi mahali, hivyo tueleze sura yake. Ni sisimizi mkubwa, mweusi au mweusi mwenye wekundu, na katika kundi moja utakuta wadogo wa milimita 5 au 6 pamoja na wakubwa wa zaidi ya milimita 10 wenye vichwa vipana. Kiuno chake ni chembamba sana. Vipapasio vyake vimepinda kama kiwiko cha mkono. Hutembea zaidi usiku, na mchana hujificha.

Wataalamu huwaita sisimizi wa jamii hii Camponotus, na watu wa nchi nyingi huwaita "sisimizi seremala", kwa sababu baadhi yao huchonga vyumba vyao ndani ya mbao. Aina zao ni zaidi ya 1,000 duniani. Si aina zote zinazokaa ndani ya nyumba. Nyingine hukaa ardhini au ndani ya miti.

Tukumbuke jambo moja ambalo wengi hawalijui: sungusungu HALI mbao. Anaichonga tu ili apate mahali pa kukaa, na maranda anayatupa nje. Chakula chake ni vitu vitamu, mabaki ya nyama, wadudu wengine, na ule utamu unaotolewa na vidukari kwenye majani ya mimea. Na kwa kuwa hali mbao, hupenda kuchonga mahali palipo laini, yaani mbao iliyolowa maji na kuanza kuoza. Mbao ngumu iliyo kavu humpa kazi kubwa, ingawa kundi likishakua linaweza kuendelea hadi kwenye mbao nzima iliyo jirani.

Basi, sungusungu ndani ya mbao ni kama homa kwa mgonjwa. Muuguzi akikuta homa hatosheki kuishusha, anatafuta kilichoileta. Vivyo hivyo, tukiwaona sungusungu tujiulize: maji yanaingia wapi katika nyumba yetu?

TUSIMCHANGANYE NA WENGINE

Fundi mmoja akisema "ni mchwa" na mwingine "ni sungusungu", ninyi wenyewe mnaweza kuamua kwa kutazama mambo haya:

1. Mchwa. Huyu ndiye anayekula mbao. Watenda kazi wake ni weupe au wa rangi ya maziwa, wana mwili laini na kiuno kinene, nao hukimbia mwanga. Dalili yake kubwa ni njia za udongo zinazopanda juu ya msingi, ukuta au nguzo. Mbao aliyoila huwa na udongo ndani. Mbao ya sungusungu ndani yake ni safi na laini, kana kwamba imepigwa msasa, wala haina udongo.

2. Wenye mabawa. Baada ya mvua kumbikumbi huruka kuja kwenye taa, na sungusungu nao hutoa wenye mabawa. Kumbikumbi ana mabawa manne yenye urefu sawa, kiuno kinene, na vipapasio vilivyonyooka. Sungusungu mwenye mabawa ana mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma, kiuno chembamba, na vipapasio vilivyopinda. Mkiwaona sungusungu wenye mabawa wakitoka ndani ya ukuta au dari, jueni kwamba kundi limekwisha kukomaa humo.

3. Wadudu wanaobungua mbao. Hawa huacha matundu madogo ya mviringo, kama yaliyotobolewa kwa sindano nene, na unga laini kama wa ngano. Sungusungu huacha maranda manene kidogo, yaliyochanganyika na vipande vya wadudu waliokufa, kama miguu na vichwa.

4. Siafu. Hawa husafiri kwa msururu mrefu, wengi mno, na huuma kwa pamoja. Hawajengi ndani ya mbao. Wakiingia nyumbani, kwanza mtoeni mtoto mchanga, mgonjwa asiyeweza kusimama, na kuku waliofungiwa. Kwa kawaida siafu wakimaliza kuwinda wadudu huondoka wenyewe.

5. Sisimizi wadogo wa jikoni. Hawa hufuata sukari na mafuta. Mara nyingi usafi na vyombo vyenye mifuniko hutosha kuwapunguza.

JE, WANADHURU AFYA?

Sungusungu wa mbao hana mwiba wa kuchoma kama nyuki. Huuma kwa meno, na aweza kunyunyiza tindikali kidogo kwenye jeraha, ndiyo maana panawasha. Osheni kwa maji na sabuni, wekeni kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, na mzuieni mtoto asijikune, kwa maana kucha chafu huleta usaha. Msipake mafuta ya taa. Tindikali ikiingia jichoni, osheni jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15.

Watu wachache huathirika vibaya wanapoumwa na wadudu. Mtu akivimba uso au midomo, akapata shida ya kupumua, au akaishiwa nguvu, apelekwe hospitali mara moja.

Sisimizi akiingia sikioni msichokore kwa njiti wala pini. Kama sikio halina usaha na halijawahi kutoboka, tieni matone machache ya mafuta ya kupikia yenye uvuguvugu kidogo, siyo moto, ili mdudu afe. Kisha mleteni mgonjwa atolewe mdudu huyo.

Tena, sisimizi wa aina yoyote anayepita jalalani na chooni kisha akapita juu ya chakula, anaweza kubeba vijidudu kwa miguu yake. Chakula kifunikwe.

Hasara kubwa ya sungusungu basi ni kwa nyumba yenyewe. Boriti iliyooza na kuchongwa ndani inaweza kuonekana nzima kwa nje. Tukichelewa, fremu ya mlango hulegea, na kenchi ya paa hupungua nguvu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KUTAFUTA MAKAO YAO

Kazi hii hufanywa usiku, saa mbili au tatu baada ya giza kuingia. Wekeni tone la asali au maji mazito ya sukari kwenye kipande cha karatasi, mahali mnapowaona. Ngojeni. Wakishashiba watarudi kwao, nanyi mwafuate polepole kwa tochi iliyofunikwa kitambaa chembamba au karatasi nyekundu ili mwanga usiwashtue. Tazameni wanaingia wapi.

Mchana, chunguzeni sehemu hizi: chini ya fremu za milango na madirisha, hasa ya bafu, mbao za paa karibu na misumari inayovuja, ncha za kenchi zinazogusa ukuta uliolowa, kabati lililo karibu na mtungi wa maji, na kuni zilizorundikwa ukutani. Gongeni mbao kwa mpini wa bisibisi. Mbao nzima hutoa sauti kavu, iliyochongwa hutoa sauti ya uwazi. Chomeni kidogo kwa ncha ya bisibisi. Ikizama kwa urahisi, mbao hiyo imeoza.

Wakati mwingine makao makuu yako nje, ndani ya kisiki au mti mkavu, na yaliyo ndani ya nyumba ni tawi tu. Hivyo msiishie sebuleni.

KUWAONDOA BILA KUIDHURU FAMILIA

Kwanza, zuieni maji. Hii ndiyo dawa yenyewe. Zibeni matundu ya bati kwa lami, badilisheni misumari iliyolegea, rekebisheni mifereji ya maji ya mvua ili maji yasimwagike ukutani. Maji ya kuogea na kufulia yapate njia ya kwenda mbali na fremu za milango. Fungueni madirisha ili hewa ikaushe ndani.

Pili, ondoeni mbao iliyooza. Seremala aikate na kuweka mpya iliyokauka vizuri. Mbao iliyotolewa, pamoja na wadudu wake, ipelekwe mbali na nyumba na kuchomwa siku hiyohiyo. Mkiiacha nyuma ya jiko watarudi.

Tatu, katieni daraja. Matawi yanayogusa paa yakatwe, maana sungusungu hupita juu yake kama barabara. Kuni ziwekwe hatua 10 au zaidi kutoka kwenye nyumba, juu ya mawe, zisiguse ardhi. Visiki vilivyo karibu ving'olewe.

Nne, futeni njia zao. Sisimizi hufuata harufu iliyoachwa na wenzao. Futeni njia hiyo kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kila jioni. Miguu ya kabati la chakula iwekwe ndani ya makopo yenye maji ya sabuni. Lakini maji hayo yabadilishwe na makopo yasuguliwe kila baada ya siku 3, tusije tukafukuza sisimizi na kufuga mbu.

Tano, kama kundi liko nje ardhini au kwenye kisiki, maji yanayochemka hufaa. Mtu mzima ayamwage, watoto wakiwa mbali. Majeraha ya maji ya moto tunayaona ya kutosha kutoka jikoni.

Sita, kama hayo yote hayakutosha, tumieni chambo. Hapa tueleze kwa nini kupuliza dawa mara nyingi hakusaidii. Wale mnaowaona mezani ni sehemu tu ya kundi. Malkia, ambaye ndiye anayetaga mayai, yuko ndani ya mbao, hatoki. Mkiwapulizia waliotoka mtaua wachache, na malkia atazaa wengine. Lakini sisimizi wana desturi ya kulishana mdomo kwa mdomo. Wakipata chakula chenye sumu inayoua polepole, watakipeleka wenyewe hadi kwa malkia na watoto wake.

Chambo hicho hutengenezwa kwa asidi ya boriki, unga mweupe unaouzwa katika baadhi ya maduka ya dawa. Changanyeni kijiko 1 cha chai, kisawazishwe, na nusu kikombe cha sukari katika nusu lita ya maji ya uvuguvugu. Msizidishe, ikiwa kali sana sisimizi watakufa njiani kabla ya kufika. Loweka pamba, itie ndani ya kopo lenye mfuniko uliotobolewa matundu madogo, uliweke kwenye njia yao usiku. Asubuhi liondolewe. Endeleeni kwa wiki 2 au 3, na katika siku hizo msipulize dawa nyingine hapo.

Tahadhari: unga huu unafanana na sukari na chumvi, nao ni sumu kwa mtoto. Uandikwe SUMU, ufungiwe juu, wala usikae jikoni. Nyumba yenye mtoto anayetambaa iache kabisa chambo hiki, iendelee na njia tano za kwanza.

DAWA ZA SHAMBA ZIBAKI SHAMBANI

Sasa tufike kwenye jambo linalotuumiza moyo. Watu wengi, wakiona sungusungu, huchukua dawa ya pamba, ya kahawa, au ya kuogeshea mifugo, wakaimwaga darini na chini ya kitanda. Inayobaki hutiwa ndani ya chupa ya soda.

Tulimpokea mtoto wa miaka 3 aliyeletwa na wazazi wake wakidhani ana degedege. Alikuwa akitokwa na mate mengi, amelowa jasho, misuli inarukaruka, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya kalamu. Shangazi yake alikuwa na akili ya kuichukua ile chupa iliyokutwa karibu naye. Kwa sababu ya chupa hiyo daktari alijua mara moja kwamba ni dawa ya wadudu, akaanza kumchoma sindano za atropini. Mtoto alipona. Chupa ilikuwa ya soda, na ndani yake palikuwa na masalio ya dawa iliyonunuliwa kwa ajili ya sisimizi wa darini.

Yafaa pia kujihadhari na chaki za kuulia wadudu zinazouzwa mitaani. Mtoto huiona kama chaki ya shule, huishika, huchorea, kisha hutia vidole mdomoni. Mafuta ya taa na petroli visimwagwe kwenye mbao. Ni hatari ya moto.

Baadhi ya dawa zilizosifiwa zamani kwa kuua mchwa na sisimizi, kama dieldrin, aldrin na chlordane, ziliwekwa kwenye orodha ya sumu za kukomeshwa na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ulioanza kutumika mwaka 2004, kwa sababu hukaa miaka mingi katika udongo na katika mafuta ya mwili wa binadamu. Mkikuta kopo la zamani ghalani, msilitumie. Mwulizeni bwana shamba au bibi shamba namna ya kulikabidhi.

Mkilazimika kununua dawa ya nyumbani, tazameni mstari wa rangi kwenye lebo. Nyekundu ni sumu kali sana, njano inafuata, kisha buluu, kisha kijani. Hata ya kijani bado ni sumu. Someni lebo yote, wala msinunue dawa iliyopimwa kwenye mfuko usio na maandishi.

MTU AKIPATA SUMU

1. Mtoeni mahali penye sumu, apate hewa safi.
2. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni ngozi na nywele kwa maji mengi na sabuni. Anayemwosha avae glavu au mifuko ya nailoni mikononi.
3. MSIMTAPISHE. Hasa kama amekunywa mafuta ya taa, kutapika kunaweza kuyapeleka mapafuni.
4. Msimpe maziwa, mafuta, wala mayai mabichi. Maziwa hayaui sumu, na muda wa kuyatafuta ni muda wa kumfikisha hospitali.
5. Kama amezimia lakini anapumua, mlazeni kwa ubavu.
6. Chukueni chupa, kopo au pakiti ya dawa, mje nayo.
7. Msifiche. Hatutawagombeza. Tunachohitaji kwanza ni kujua alichokunywa, kiasi gani, na saa ngapi.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI AU KATIKA JUMUIYA

1. Je, sisimizi tunaowaona kwetu ni sungusungu, mchwa, au wengine? Tumetambua kwa dalili gani?
2. Maji huingia wapi katika nyumba yetu wakati wa mvua? Nani atapaziba, na lini?
3. Katika nyumba yetu kuna chupa ya soda au ya maji iliyotiwa kitu kingine? Iko wapi?
4. Katika jumuiya yetu kuna wajane au wazee wasioweza kupanda paani kuziba bati? Tutawasaidiaje kabla ya mvua zijazo?

Swali la 3 lisingoje mkutano. Jioni ya leo, kabla ya kulala, tazameni chini ya vitanda, nyuma ya mlango na juu ya ukuta wa jiko. Chupa ya namna hiyo ikionekana, ifungwe vizuri, iandikwe SUMU, na kuwekwa ndani ya sanduku lenye kufuli, hadi bwana shamba atakapowaelekeza pa kuipeleka. Sungusungu wanaweza kungoja hadi kesho.